Mpango Kabla ya Mbizi: Maji na Watu Katika Nchi ya Mwanga

Likizo ya pwani ina mtego mmoja ambao msafiri wa kutoka milimani huutambua akiwa amechelewa. Mzamiaji aliyepiga mbizi asubuhi karibu na kisiwa cha Maziwe, mbele ya Pangani, anaweza kupanda gari kabla ya adhuhuri, akapita Korogwe, Same na Mwanga, na jioni akawa Usangi, zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Njiani huenda asihisi lolote. Lakini naitrojeni iliyoyeyuka katika damu na mafuta ya mwili wake alipokuwa chini ya maji haijatoka yote, na kadiri anavyopanda na mgandamizo wa hewa unavyozidi kupungua, ndivyo gesi hiyo inavyoweza kugeuka mapovu kwenye viungo na uti wa mgongo. Ndiyo maana wazamiaji hufundishwa kusubiri angalau saa 12 baada ya mbizi moja, na 18 au zaidi baada ya mbizi kadhaa, kabla ya kupanda ndege. Barabara ya mlimani nayo inadai tahadhari ya aina hiyo. Kwa mtu wa Upare anayekwenda kuzamia pwani, mlima wa nyumbani ni sehemu ya mbizi yenyewe.

Tahadhari hiyo huonekana kama jambo geni lililokuja pamoja na mitungi ya hewa. Ninachotaka kuonyesha hapa ni kwamba wazo lililo ndani yake ni la zamani sana katika nchi iliyo kati ya Milima ya Upare na Kilimanjaro. Watu wa Usangi, Ugweno na tambarare za Mwanga waliishi vizazi vingi wakijua kwamba maji hayaanzi pale mtu anapolowa wala hayaishii pale anapojikausha. Kuyaingia, kuyafungulia au kuyavua kulihitaji maandalizi kabla na wajibu baada. Historia ya wilaya ya Mwanga inatoa ushahidi wa pande zote mbili: palipokuwa na taratibu zilizowatangulia watu, maji yaliwatumikia kwa muda mrefu; pale watu walipozitangulia taratibu, hasara ilikuja haraka. Anayepanga leo kuzamia, iwe baharini au katika maji ya baridi ya maziwa ya bara, ana mengi ya kujifunza hapo.

Tuanze milimani. Vijito vinavyotoka katika misitu ya Kindoroko na Minja ni vidogo. Mkulima mmoja akiuelekeza mfereji shambani kwake mchana kutwa, maji hunywewa na udongo kabla hayajafika mbali. Wapare walilijibu tatizo hilo kwa ndiva, bwawa dogo la mawe na udongo linalojengwa kwenye kijito au mwanzoni mwa mfereji. Usiku ndiva hufungwa ili ijae, asubuhi hufunguliwa, na maji yaliyokusanyika hutoka kwa nguvu ya kutosha kufika mashamba ya chini. Nyuma ya tendo hilo dogo la kufunga na kufungua palikuwa na mfumo mzima. Ukoo ulioijenga ndiva ndio ulioisimamia, zamu zilijulikana, matengenezo yalifanywa kwa msaragambo, yaani kazi ya pamoja, na asiyefika kazini aliadhibiwa. Palikuwa na matambiko, na miiko iliyosema nani asikaribie chanzo na kwa wakati gani. Mwanahistoria Isaria Kimambo, katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu historia ya kisiasa ya Wapare, alikusanya masimulizi yanayoonyesha jinsi jamii hizi zilivyojijengea tawala zao karne kadhaa kabla ya utawala wa Wajerumani. Mwanaanthropolojia Michael Sheridan, aliyefanya utafiti Upare Kaskazini na kuchapisha makala yake mwaka 2002, alionyesha kwamba wenyeji waliiona ndiva kwa namna walivyouona uzazi wa mwanadamu. Utaratibu uliolinda mimba na uzao ndio uliolinda chanzo cha maji.

Mtu atasema: ndiva ni kilimo cha umwagiliaji, inahusianaje na kupiga mbizi? Inahusiana kwa kiini chake, ambacho ni muda. Maji ya saa nne asubuhi yalipangwa jioni iliyotangulia. Mtu wa mwisho katika zamu alimtegemea mtu wa kwanza, ambaye pengine hakumwona siku nzima. Kosa la mmoja, kwa mfano kufungulia mapema au kuacha mfereji uvuje, lilimfikia mwingine aliye mbali na asiye na hatia. Hesabu ya mzamiaji ni ya namna hiyo hiyo. Hewa atakayoihitaji dakika ya mwisho inapimwa kabla ya dakika ya kwanza, usalama wake umo mikononi mwa mwenzake, na kosa la chini ya maji linaweza kumpata saa nyingi baadaye akiwa nchi kavu. Jamii iliyozoea kuyafikiria maji kwa namna hiyo haianzi sifuri inapokutana na sheria za kuzamia.

Ushahidi wa pili uko kaskazini kidogo, katika Ziwa Chala, lililo ndani ya kasoko ya volkano kwenye mpaka wa Rombo na Taveta. Liko mita 880 hivi juu ya bahari, kina chake kinazidi mita 90, na kuta zake zinashuka kwa kasi hadi ukingoni mwa maji. Maji yake mengi hupita ardhini kutoka miteremko ya Kilimanjaro. Wasafiri wa Ulaya wa karne ya 19, akiwemo mmisionari Charles New aliyefika huko mwaka 1871, waliandika masimulizi ya wenyeji kuhusu kijiji cha Wamasai kilichomezwa mahali hapo, na sauti za mifugo zilizosemekana kusikika kutoka chini. Mwaka 1891 Mmarekani May French-Sheldon, ambaye wapagazi wake walimwita Bibi Bwana, aliteremka kasoko hiyo na kulizunguka ziwa kwa chombo cha kuelea. Safari yake husimuliwa kama ushindi wa ujasiri juu ya hofu ya wenyeji. Lakini ukiitazama vizuri, ni ushindi wa mpango. Alikuwa na zaidi ya wapagazi 100, alipitia Taveta, kituo cha misafara kilichozoea wageni kwa miaka mingi, na aliongozwa na watu walioijua nchi. Wapagazi hao, wengi wao wakiwa wameajiriwa Zanzibar, walibeba maarifa ya njia, ya maji ya kunywa na ya majira. Bila wao asingefika hata ukingoni.

Na hofu ya wenyeji haikuwa bure. Chala lina kuta ambazo mtu aliyechoka hawezi kuzipanda kwa urahisi, lina kina kinachoanza karibu na ukingo, na limekuwa na mamba. Mwaka 2002 kijana mmoja wa Uingereza aliuawa na mamba alipokuwa akiogelea humo. Simulizi la kijiji kilichomezwa halimwelezi mtu kuhusu mamba wala kina, ni kweli. Hata hivyo linamwambia jambo lililo sahihi: usiingie hapa kana kwamba ni maji ya kawaida, waulize kwanza walioishi karibu nayo. Wahenga walisema maji usiyoyafika hujui wingi wake, na katika kasoko yenye mita 90 za kina usemi huo ni maelekezo ya usalama.

Hapa ndipo tunapopaswa kukumbuka kwamba hata sheria za kisasa za kuzamia zilizaliwa na vifo, kama miiko ilivyozaliwa. Katika Ghuba ya Uajemi, ambako Waafrika wengi wa mashariki walipelekwa utumwani karne ya 19 na kulazimishwa kuzamia lulu, mzamiaji alishuka kwa jiwe na kamba, naye mwenzake alibaki juu akiishika kamba hiyo ili amvute. Majira yalipangwa kwa ubaridi wa maji. Msimu mkubwa ulikuwa wa miezi ya joto, ukitanguliwa na msimu mfupi wa maji ya baridi, ambapo mbizi zilikuwa ngumu zaidi. Upande wa Marekani, wafanyakazi waliochimba misingi ya Daraja la Brooklyn ndani ya masanduku ya hewa iliyogandamizwa walipooza na kufa miaka ya 1870, na mhandisi mkuu Washington Roebling naye akawa mlemavu, kabla sababu haijaeleweka vizuri. Mwaka 1908 mwanasayansi wa Uingereza John Scott Haldane na wenzake walichapisha majedwali ya kupanda kwa vituo, baada ya majaribio waliyoyafanya kwa mbuzi. Mtungi wa hewa wenye vali, uliobuniwa na Jacques Cousteau na Émile Gagnan mwaka 1943, ulikuja baadaye na kuzikuta kanuni hizo. Chombo kikubwa kilisubiri elimu. Mpangilio huo, sheria kwanza na halaiki baadaye, ndio ulioifanya michezo ya chini ya maji iwezekane kwa watu wa kawaida.

Sasa tutazame mahali ambapo mpangilio huo ulipinduliwa. Chini ya makutano ya mito Kikuletwa na Ruvu, katikati ya miaka ya 1960, ukuta ulijengwa na bonde likafurika. Bwawa la Nyumba ya Mungu, lenye eneo la kilomita za mraba 140 hivi, lilipangwa na wahandisi kwa uangalifu mkubwa. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kudhibiti mtiririko wa Mto Pangani ili mitambo ya umeme iliyo chini, ukiwemo wa Hale uliokamilika mwaka 1964, ipate maji kiangazi na masika. Mtambo wa bwawa lenyewe, wa megawati 8, ulianza kazi mwaka 1968. Kila lita iliyopita ukutani ilikuwa na hesabu yake. Watu watakaoingia katika maji hayo mapya ndio ambao hawakuhesabiwa kwa uzito huo. Samaki wa jamii ya perege waliongezeka kwa kasi, na habari zikasambaa. Wavuvi wakaja kutoka sehemu nyingi za nchi, wakiwemo wazoefu wa maziwa makuu. Lang'ata, Kagongo na kambi nyingine za ukingoni zikajaa mitumbwi, wachuuzi na moshi wa kukaushia samaki. Mwaka 1970 mavuno yalipita tani 28,000. Miaka michache baadaye yalikuwa yameanguka hadi sehemu ndogo ya kiasi hicho. Watafiti kutoka Chuo Kikuu cha London waliokuja kuchunguza bwawa mwaka 1974 walilikuta tayari limepita kilele chake.

Pingamizi lenye nguvu zaidi dhidi ya hoja yangu linapatikana hapa. Wanasayansi wa maji wanajua kwamba bwawa jipya huwa na miaka michache ya neema. Ardhi na majani yaliyofunikwa hutoa rutuba nyingi, samaki huzaliana kupita kiasi, kisha rutuba hupungua na idadi hushuka. Kwa hiyo, mtu anaweza kusema, anguko la Nyumba ya Mungu lingetokea hata kama wavuvi wangekuwa na miiko elfu. Sehemu ya pingamizi hili ni kweli, na haifai kulipuuza. Lakini kushuka kutoka kilele cha muda ni jambo moja, na kuendelea kudidimia kwa miongo kadhaa ni jambo jingine. Makokoro na nyavu za matundu madogo ziliendelea kuzoa samaki wachanga, hadi katika miaka ya 2010 serikali ikafikia hatua ya kusimamisha uvuvi kwa muda ili samaki wapate kuzaliana. Zaidi ya hayo, pingamizi lenyewe linaunga mkono hoja kuu. Kama neema ya bwawa jipya ilikuwa ya muda mfupi, basi hapo ndipo mpango ulipohitajika zaidi, kwa kuwa watu walijenga maisha yao juu ya mavuno yasiyoweza kudumu. Mwenye ndiva alijua kwamba bwawa lililojaa alfajiri halitakuwa hivyo adhuhuri. Wageni wa Nyumba ya Mungu hawakuwa na mzee wa kuwaambia hivyo, kwa sababu maji yenyewe hayakuwa na mzee.

Pingamizi jingine linagusa haki. Taratibu za zamani hazikuwa za usawa. Wanawake walizuiwa kukaribia baadhi ya vyanzo, koo zilizojenga ndiva zilipata heshima na zawadi kutoka kwa waliochelewa kufika, na mwiko haumpi anayetii nafasi ya kuuliza sababu. Jedwali la Haldane lina ubora ambao mwiko hauna: linaweza kupimwa, kukosolewa na kurekebishwa, na limerekebishwa mara nyingi. Ninalikubali hilo moja kwa moja. Sidai kwamba tambiko lichukue nafasi ya kompyuta ya mzamiaji. Ninachodai ni kwamba sheria isiyo na jamii inayoilinda hubaki karatasi. Uchifu ulipofutwa miaka ya mwanzo ya uhuru, na sheria ya matumizi ya maji ya mwaka 1974 ilipoyaweka maji yote chini ya dola, ndiva nyingi zilipoteza wenyewe bila kupata mlinzi mpya aliye karibu. Ofisi ya Bonde la Pangani ilianzishwa mwaka 1991, na juhudi za kufufua vyama vya watumiaji maji zilionyesha kwamba hata serikali ilitambua pengo hilo. Kinachofaa kurithiwa ni umbo la utaratibu: zamu inayojulikana, mtu anayewajibika, kazi ya pamoja, na adhabu inayotolewa na majirani. Ubaguzi uliokuwamo unaweza kuachwa bila kuubomoa mfumo wote.

Hayo yana maana gani kwa mtu anayepanga kuzamia leo? Kwanza, yanamfundisha kutoudharau ubaridi wa nchi za joto. Bahari ya Tanga huwa kati ya nyuzi 25 na 29 hivi, ikipoa zaidi miezi ya kusi, Juni hadi Septemba. Chini katika Ziwa Chala maji hukaa karibu nyuzi 22 mwaka mzima. Namba hizo hazimtishi mtu aliyesoma habari za Norway au Kanada. Lakini maji huvuta joto mwilini zaidi ya mara 20 kuliko hewa yenye ubaridi huo huo, na saa moja katika nyuzi 22 bila vazi nene inatosha kumfanya mtu atetemeke, apumue haraka na amalize hewa yake kabla ya hesabu. Ubaridi hufanya naitrojeni itoke mwilini polepole wakati wa kupanda, na hivyo huongeza hatari ile ya mapovu. Mpango wa likizo ya Tanzania unapaswa kuanza na kuchagua majira na vazi, kama ulivyoanza kwa wazamiaji wa lulu.

Pili, maji ya bara yana hesabu yake. Majedwali ya kawaida yametungwa kwa usawa wa bahari, na juu ya mita 300 hivi hesabu hubadilika. Nyumba ya Mungu iko karibu mita 690, Chala iko juu zaidi, na huko mgandamizo wa hewa umepungua kwa takriban asilimia 8 hadi 10. Kupanda kutoka kina kile kile hadi hewa nyepesi zaidi ni sawa na kupanda kutoka kina kikubwa zaidi baharini. Maji ya chumvi humwinua mtu kuliko maji baridi, kwa hiyo risasi za kiunoni zilizomtosha Maziwe zitamzamisha kupita kiasi ziwani. Tena kuna yale yasiyomo katika jedwali lolote: mamba, nyavu zilizotegwa au kupotea, na matope yanayomfanya mtu asiuone mkono wake. Hayo wanayajua wavuvi wa Lang'ata, Kirya na Jipe. Katika Ziwa Jipe, ambalo kina chake hakifiki hata mita 3 na ambalo limezingirwa na matete na mafunjo, maarifa hayo yatamwambia mgeni jambo la maana kuliko yote, kwamba hapa si mahali pa kuzamia. Mpango mzuri ni pamoja na kukubali kuacha.

Tatu, mzamiaji ana majirani. Mto Pangani hubeba maji ya Meru, Kilimanjaro na Upare kwa karibu kilomita 500 hadi baharini. Kutoka Nyumba ya Mungu hupatikana umeme, samaki, maji ya mashamba, na sasa maji ya kunywa ya mradi mkubwa wa Same, Mwanga na Korogwe. Mtu anayeshuka na mtungi katika maji hayo anaingia katika zamu ndefu ambayo wengine wameishika tangu usiku. Baharini vilevile, Maziwe ni hifadhi, na Hifadhi ya Silikanti ya Tanga, iliyoanzishwa mwaka 2009, inalinda samaki wa kale anayeishi katika maji ya kina kirefu na ya baridi kuliko yale ya juu. Kina anachoishi silikanti kimepita mpaka wa mbizi za burudani. Mwaka 2000 wazamiaji walimkuta Sodwana, Afrika Kusini, kwenye kina cha zaidi ya mita 100, na mbizi zilizofuata ziligharimu maisha. Kumheshimu ni kumwachia kina chake.

Mwanga na wilaya jirani bado hazijawa nchi ya wazamiaji, na hiyo ndiyo bahati yao. Zina nafasi ambayo Nyumba ya Mungu haikuipata, ya kutanguliza taratibu kabla ya halaiki. Halmashauri, vyama vya watumiaji maji na vikundi vya wavuvi vinaweza kukaa na wataalamu wa kuzamia sasa, vikaandika sehemu zinazofaa na zisizofaa, miezi ya kuruhusu, nani aandamane na mgeni, mapato yaende wapi, na nani mwenye mamlaka ya kusema hapana. Kazi hiyo haihitaji fedha nyingi. Inahitaji watu wakubali kwamba mzee wa ndiva na fundi wa majedwali ya mbizi walikuwa wakijibu swali moja, na kwamba jibu hufaa likiwa limepatikana kabla ya mtu wa kwanza kulowa.